Mtani Aliyelala Kwenye Mnara

Mnyapara alikuwa habebi kitu. Sisemi mzigo, nasema kitu. Akinunua kiberiti dukani pale Kimamba alikitia mfukoni, hilo sawa, lakini kilo ya sukari haikukaa mkononi mwake. Ilipanda baiskeli. Baiskeli yenyewe hakuipanda, maana goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Aliisukuma kutoka nyumbani mpaka sokoni na kutoka sokoni mpaka nyumbani, na juu ya keria kulikuwa na kifurushi kimoja kilichokazwa kwa kamba ya mkonge kana kwamba kingeshuka kikimbie. Kamba ikikatika, alisimama palepale njiani akangoja apite mtu wa kukiokota. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Walioijua Kimamba ya mashamba ya mkonge wanamjua mnyapara: ni yule anayesimama na fimbo wakati wenzake wameinama. Wa kwetu alikuwa amestaafu tangu mimi niko shule ya msingi, lakini cheo hakikustaafu. Jina alikuwa nalo, ila hata mama yangu, aliyemwosha vidonda, hakulitumia. Watu walisema kutobeba kwake ni kiburi cha unyapara kilichoingia mifupani. Mimi nilisema hivyohivyo, na niliongeza maneno mengine ambayo mwalimu wa shule hapaswi kuyaandika.

Sikumpenda. Mlangoni kwake alitundika kipande cha reli, akakigonga kila alfajiri kama alivyowagongea manamba, vibarua wa mkonge, zamani, ingawa hakuna aliyemwajiri kutuamsha. Ukimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba. Umeamka au umeamshwa?" Ukifagia uwanja wako alisimama kwenye uchochoro akikukagua, na akiondoka ulihisi umeiba. Baba peke yake alimshukuru. Baba alikuwa karani wa tiketi pale stesheni, na treni ya asubuhi haikumsubiri mtu.

Kulikuwa na visa vya fimbo yake, na sidhani vyote ni vya kusingiziwa. Nimewaona wazee waliokata mkonge chini yake wakivuka barabara wasikutane naye. Lakini wazee haohao walinisimulia kwamba manamba akifa shambani, mtu wa mbali asiye na ndugu, mnyapara huyo ndiye aliyelichimba kaburi. Alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi hawakosi watani njiani kote walikopita. Nikiwa mtoto nilimwona siku moja kwenye mazishi ya mtani wake mmoja akijitumbukiza kaburini, akalala chali, akawaambia wafiwa kwamba shimo ni lake, amelipenda, marehemu atafutiwe lingine. Alimtukana maiti kwa uchoyo na kwa miguu yake mibaya. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka, wakampa kuku, akatoka, mazishi yakaendelea. Nilimwuliza Bibi mbona hapigwi. Bibi akaniambia, "Mtani ndiye anayefunga msiba. Mtu asipochekwa na mtani wake, hajazikwa, amefukiwa."

Bibi alikuwa mama wa mama yangu, Msagara wa milimani, mwanamke mfupi wa kanisa la misheni aliyejua nyimbo zote za kitabu na kuziimba zote kwa sauti moja. Aliishi nasi. Yeye na Mnyapara walikuwa watani, na jioni haikupita bila kurushiana maneno barazani. Alimwita mpagazi, mtu aliyetembea kutoka kwao Unyamwezi mpaka pwani kwa kujipendekeza, kubebea watu meno ya tembo. Yeye alimwita pimbi, kwa kuwa Wasagara, alisema, wakisikia kishindo hukimbilia mawe ya mlimani na kuchungulia. Wakimaliza kutukanana Bibi alimpakulia ugali, naye alikula akilalamika kwamba haukuiva.

Kitu kimoja tu Bibi hakukifanyia utani. Alikuwa na kaka yake, jina lake Chilongola, aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo katika ile vita yao ya kwanza na Waingereza, akiwa kijana ambaye ndevu zinaota. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, basi hakuna matanga yaliyokaliwa, hakuna aliyenyoa nywele. Kwao huyo ndiye angekuwa mjomba wa ukoo, mwenye neno la mwisho juu ya watoto wote wa dada zake, na nafasi yake ilibaki wazi. Kila mzee aliyefika kwetu na aliyesemekana aliiona vita ile, Bibi alimwuliza kabla hajakaa, "Ulimwona ndugu yangu?"

Mnyapara naye aliulizwa. Vita aliiona, alisema mwenyewe kwamba alikuwemo katika wapagazi, na zaidi ya hapo hakusema. Kwa swali la Bibi alikuwa na majibu ya kiutani. "Nilimwona. Yuko Msumbiji, ameoa, amenenepa, amekataa kurudi kwa pimbi." Mwaka mwingine Chilongola alikuwa sultani. Mwaka mwingine alikuwa mpishi wa gavana. Bibi alicheka, akaridhika kwa siku hiyo, kesho akauliza tena. Nimekua nikisikia mchezo huo na nikauona ni mchezo mzuri.

Mwanzoni mwa Uhuru ndipo nilipoanza kumwona Mnyapara kwa wasiwasi badala ya hasira. Tulikuwa tunajenga zahanati kwa kujitolea, kila mtu akibeba mawe kutoka korongoni, wanawake na wazee pia, ngoma ikipigwa. Mnyapara alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Kimamba kukata kadi ya chama, na siku hiyo alifika wa kwanza. Akapanga mistari, akapiga kelele, jiwe hakugusa. Katibu wa tawi, mtu mkali aliyependa kusikika, akamwita mbele ya watu wote.

"Mzee, ukoloni umekwisha. Hakuna nyapara tena hapa. Chukua jiwe."

"Nipe jembe," alisema Mnyapara.

"Nimesema jiwe."

"Nitachimba msingi wote peke yangu. Kubeba, hapana."

Ngoma ilinyamaza. Katibu alisema kuna watu wamevaa kadi ya chama juu ya roho ya kibeberu, na kwamba watu hao wanajulikana na watashughulikiwa. Tuliogopa kwa niaba yake. Yeye alikwenda kwenye msingi, akavua shati, akachimba mpaka jua lilipotua, na goti lake lile. Katibu hakusahau. Usiku huo mama alikanda goti kwa maji ya moto, na Mnyapara alimwambia maji hayakuchemka.

Nilianza ualimu, nikapangiwa shule ya mbali, nikawa narudi Kimamba wakati wa likizo. Masika ya mwaka mmoja Bibi aliugua homa, ikamshika vibaya hata mchungaji akaitwa. Mnyapara alikaa nje ya mlango wake siku zote hizo. Hakutukana mtu. Bibi alipopata nafuu kiasi cha kukaa barazani na kupukuchua mahindi, nilikuwepo, na mchezo wao ulirudi, nikafurahi.

"Mnyamwezi," Bibi alisema, sauti bado nyembamba, "leo ndugu yangu yuko wapi?"

Mnyapara alikuwa akichora vumbi kwa ncha ya fimbo. "Yuko Mikumi."

"Anafanya nini Mikumi?"

"Amelala."

Bibi alicheka. "Amelala na nani?"

"Peke yake. Chini ya kilima chenye nundu mbili. Nilimlaza mimi."

Nami nilicheka. Bibi ndiye aliyewahi kunyamaza. Gunzi lilibaki mkononi mwake, na punje ziliacha kuanguka katika ungo.

"Mtani, huu ni utani?"

"Si utani."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile ile."

"Na umekula ugali wangu miaka yote hii."

"Nimeula."

Nilidhani Bibi atamfukuza. Nilitaka amfukuze. Nilisimama tayari kusema mimi kama yeye atashindwa, lakini alininyooshea kidole nikakaa.

"Ningekuambia nini?" Mnyapara alisema. "Ningesema amekufa, ungeniuliza, ulimcheka? Wewe ungeuliza hilo kwanza, nakujua. Mimi nilikuwa mtani wake peke yangu pale. Tulichimba kwa mikono na sufuria. Nilitaka kulala shimoni kama inavyopasa, askari akaniinua kwa kiboko, msafara unaondoka. Sikumcheka. Sasa ningekuja kwako na habari gani? Ya mtu aliyefukiwa?"

Bibi aliliweka gunzi ndani ya ungo. Kisha akasema jambo ambalo tangu homa ile lilikuwa likimsumbua, nasi hatukulijua. "Sitaki kufa na msiba wazi. Nikifika huko ataniuliza kwa nini sikunyoa. Nipeleke."

"Goti," alisema Mnyapara, na huo ulikuwa woga, kila mtu aliona.

"Nipeleke."

Hapo ndipo alipomwambia habari za mnara. Madereva wa malori walikuwa wamemsimulia kwamba pale chini ya kilima, kando ya barabara kuu, Wazungu waliwajengea mnara watu wa vita ile, wenye maandishi. Yeye hajafika tangu siku ile, lakini jina la Chilongola lipo. Nilimwuliza amejuaje.

"Karani aliandika majina yetu kila asubuhi alipotugawia unga," alisema. "Asiyeandikwa hakula. Na Mzungu akiandika hafuti. Miaka yangu yote shambani sijaona anafuta." Aliniambia hayo kwa uhakika wa mtu aliyeshika vipande, kadi za kazi za mamia ya watu, nami sikuwa na sababu ya kubisha.

Baba alikuwa na likizo yake ya mwaka na pasi ya reli ya familia. Tawi la reli kutoka Kilosa kwenda Mikumi lilikuwa bado jipya, na hifadhi ya wanyama ilikuwa imeanza kusikika, hata makarani wa stesheni walianza kuzungumzia kwenda kutazama tembo kama Wazungu. Basi Baba aliwaambia wenzake tunakwenda mapumzikoni kuona wanyama. Alimwacha mama na wadogo zangu, akatuchukua mimi, Bibi na Mnyapara. Shida ni kwamba pasi ilikuwa ya familia.

Tulibadili treni Kilosa, na hatukwenda mbali mkaguzi wa tiketi akaingia. Alisoma pasi, akatuhesabu kwa macho, akasimama kwa Mnyapara. "Na huyu mzee?"

Baba aliinama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Tiketi ndiyo ilikuwa kazi yake, na mkaguzi alimjua.

"Mume wangu," alisema Bibi.

"Nilimtolea mahari panya wawili," alisema Mnyapara akitazama mbele. "Mmoja alikuwa na mimba."

Behewa zima lilicheka. Mkaguzi alicheka pia, lakini aliishikilia pasi muda mrefu kuliko nilivyopenda, kabla ya kumrudishia Baba bila neno. Baba alifuta jasho mpaka Mikumi.

Kutoka stesheni tulitembea. Bibi alijitwisha kitenga chenye jogoo, mimi nilibeba mkoba wa chakula na kibuyu cha unga, Baba alishika mwavuli na koti. Mnyapara alitangulia na fimbo yake, mikono mitupu. Bibi alikuwa mtu wa juzi kutoka kitandani. Nilivumilia, nikashindwa.

"Babu, ungempokea Bibi hata hicho kitenga."

"Mikono ya kupokea unayo wewe," alisema, bila kugeuka. Nilikichukua kitenga, na moyoni nilimtukana kwa kila hatua.

Kilima kilipoonekana, kina nundu mbili kweli, alianza kupunguza mwendo. Mwisho sisi ndio tuliokuwa mbele.

Mnara ulikuwa mfupi, wa mawe na saruji, umezungushiwa mnyororo, majani yamefyekwa. Hatukuwa peke yetu. Landrova ilikuwa imesimama kando ya barabara, na mbele ya mnara walikuwepo Mzungu mmoja mzee na mkewe, pamoja na afisa kijana wa wilaya mwenye tai na askari polisi mmoja. Baba alipoona sare alitaka tusubiri mbali, tukasubiri. Yule mama wa Kizungu alipitisha kidole juu ya kibao cha shaba, taratibu, akakisimamisha mahali. Akaweka maua chini yake. Mabega yakaanza kumtetemeka, na mumewe akamshika.

"Yule amemwona wa kwake," Bibi alisema. Akauvuka mnyororo kabla hatujamzuia. Afisa alisogea, lakini Bibi alikuwa amekwisha kunivuta mkono. "Mwalimu, soma na wa kwangu."

Kilikuwa Kiingereza. Nilisoma majina ya Wazungu, kila jina na cheo chake, kwa sauti, na Bibi alitikisa kichwa kwa kila moja kama anayesubiri zamu yake kwa adabu.

"Endelea."

Chini ya majina ulikuwepo mstari mmoja. Ulisema, pamoja na wenyeji waliowasaidia.

"Endelea, mwanangu."

Nataka niseme ukweli: nilitaka kumdanganya. Bibi hakujua kusoma. Ningesema Chilongola, mara moja tu, kidole changu juu ya neno lolote, na angelia na kurudi nyumbani akiwa amepata. Lakini Baba alikuwa nyuma yangu na alijua kusoma, na Mnyapara alikuwa akinitazama usoni, na uso wangu haujapata kuficha kitu.

"Yamekwisha, Bibi."

"Upande wa pili," alisema Mnyapara.

Nilizunguka. Pande nyingine zilikuwa mawe matupu. Alizunguka naye akapapasa kila upande kwa kiganja, juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani.

"Karani aliandika," alisema. "Nilimwona. Kila asubuhi." Halafu akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyefuta. "Soma vizuri, mwalimu!"

"Nimesoma, Babu."

Bibi hakulia. Alisema tu, "Basi twendeni," akashika upindo wa khanga yake, na nikajua kwamba huyu mtu hatauona mwaka mwingine, kwamba atakufa na msiba wake hivyohivyo, na kwamba tumemleta huku kumwonyesha kuwa ndugu yake si kitu. Nilimchukia Mnyapara siku ile kuliko siku zote.

Naye akatupa fimbo. Akapiga magoti, lile bovu na lile zima, akalala chali chini ya mnara, kichwa karibu na maua ya yule mama, akakunja mikono kifuani.

"Sitoki," alisema. "Shimo ni langu."

Afisa alipigwa na bumbuazi, kisha akawaka. "Mzee, inuka! Mbele ya wageni! Unaitia nchi aibu!"

"Marehemu atafutiwe lingine. Huyu alikuwa mvivu sana. Mvivu! Alijifanya kufa ili asibebe sanduku la risasi. Mimi ndiye niliyelibeba. Nililibeba langu kichwani na lake mgongoni mpaka Mahenge, yeye kalala hapa anakoroma!"

Baba alinivuta kando. Aliniambia kwa mnong'ono kwamba kazi imekwisha, kesho jina lake litafika Kilosa. Yule mama wa Kizungu alimwuliza afisa kuna nini, na afisa akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni wazee wa kijijini, wamelewa, awie radhi. Nilimsikia. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana mimi nami nilikuwa mtumishi wa serikali, lakini nilimwambia yule mama kwa Kiingereza kilekile: hatujalewa, tunazika. Alinitazama, akarudi nyuma hatua chache na mumewe, wakasimama.

"Konstebo, mwondoe," alisema afisa.

Askari polisi aliinama, akamshika Mnyapara kwapa. Mnyapara alijilegeza. Askari akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na wafiwa?"

"Wale pimbi."

Askari alimwachia. Alisimama wima, akapiga saluti. "Samahani, Bwana Afisa. Huyu ni mtani. Mtani akilala kaburini haondolewi na serikali. Huondolewa na wafiwa."

"Hilo si kaburi!"

"Yeye ndiye anayesema ni kaburi, Bwana."

Afisa alikuwa kijana wa umri wangu, na bila shaka alikuwa na bibi yake mahali. Aliangalia wageni, aliangalia Landrova, aliangalia chini. Hakutoa amri nyingine. Sote tulimtazama Bibi.

Bibi alikuwa amesimama palepale, upindo wa khanga mkononi. Nilimwona akipandwa na hasira, hasira yenyewe hasa, nikadhani atampiga teke.

"Unataka nini, mpagazi?"

"Jogoo."

"Jogoo kwa kazi gani? Mmemchimbia kwa sufuria kama mnafukia maganda!"

"Alikuwa na miguu mirefu kama korongo. Tulimkunja. Alilalamika."

"Mwongo. Ndugu yangu alikuwa mfupi!"

"Mlimani alikuwa mfupi. Njaa ilimvuta."

Kicheko kilimtoka Bibi bila ruhusa yake. Kilimtoka mara moja, kikavunjika, na nyuma yake kikaja kilio ambacho sijapata kukisikia tena kwa mtu yeyote, kilio cha msichana, sio cha ajuza. Alilitaja jina la kaka yake likasikika mpaka barabarani. Alilia akikifungua kitenga, akamshika jogoo miguu, akamtupia Mnyapara kifuani. "Chukua, mlafi! Toka! Toka ndugu yangu alale!"

Mnyapara akatoka. Askari alimsaidia kuinuka, maana goti liligoma. Bibi akanyunyiza unga pale alipolala, akasali sala ya Bwana kwa Kisagara, na Baba akavua kofia. Afisa naye aliitikia amina, sidhani alikusudia. Habari haikufika Kilosa, au kama ilifika, hakuna aliyemwuliza Baba.

Kurudi stesheni jogoo nilimbeba mimi. Alikuwa wa Mnyapara, amempata kwa kazi yake, lakini mwenyewe alitangulia na fimbo, mikono mitupu, na njia hii sikumtukana. Kesho yake nilimnyoa Bibi uani. Nywele zilikuwa chache na nyeupe, na alikaa kimya, mabega yameshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tembo hatukumwona hata mmoja. Baba aliwadanganya wenzake kwamba tuliona kundi zima.

Miaka ilipita. Mnyapara aliendelea kugonga reli. Baba alistaafu, akahamia na wazee wote wawili kwenye shamba letu dogo upande wa Msowero, kwa kuwa Mnyapara hakuwa na mtu na Bibi alisema mume wa pasi naye ni mume. Kisha ikaja operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na likizo moja nilifika shambani nikakuta nyumba zimeezuliwa na lori linaunguruma. Sisi tulipangiwa kijiji kipya tambarare, njia ya Tindiga. Bibi alikuwa hatembei tena. Alilazwa juu ya godoro ndani ya lori, mimi nikamshika kichwa.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya kijiji lori likazama katika udongo mweusi, likakataa. Kijana wa mgambo mwenye rungu alianza kupiga kelele kwamba kila mtu ashuke na mzigo wake, tuvuke kwa miguu mpaka pale pakavu. Watu walishuka, wakajitwisha vitanda, milango, mbuzi. Mnyapara alishuka akasimama kando na fimbo yake.

"Na wewe mzee! Chukua gunia!"

"Sibebi."

"Unasemaje?"

"Umesikia."

Kijana alimsogelea, rungu limeinuka kidogo. Alisema anawajua wagomvi wa aina hii, na kwamba Kilosa kuna chumba chao. Baba akajaribu kusema, akasukumwa. Nilitaka kushuka, lakini Bibi alikuwa mikononi mwangu. Mgambo aliona tunachelewesha kazi, akalipanda lori yeye mwenyewe, akainama kumbeba Bibi. Bibi akamzaba kofi.

"Usiniguse. Wewe ndiye uliyepanda juu ya paa langu."

"Mama, utabaki hapa?"

"Nitabaki."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa inakusanyika tena, na kijana alikuwa ameaibishwa mbele ya watu, na mtu mwenye rungu akiaibishwa si mtu wa kukaa naye karibu. Hapo Mnyapara akanipa fimbo yake. Sikuelewa. Aligeuka, akaliegemeza goti lake bovu kwenye gurudumu la lori, akainama, akatega mgongo.

"Panda."

"Nipande nini?" alisema Bibi.

"Panda, pimbi wewe, kabla sijaghairi."

Tulimteremsha, mimi na Baba, akamkumbatia shingo. Alikuwa amebaki mifupa na khanga. Hata hivyo Mnyapara alipoinuka nilisikia pumzi ikimtoka, na kwa muda alisimama hivyo, macho ameyafumba, na nilijua yuko wapi na ana nini mgongoni. Kisha akaingia matopeni. Alikwenda hatua moja, akatulia, akaenda nyingine. Mgambo alijitoa njiani.

"Mzito wewe," alisema Mnyapara. "Kuliko hata sanduku la ndugu yako."

Bibi alimpiga begani. "Kimya. Mpagazi haongei njiani."

Niliwafuata na fimbo mkononi, nikilia waziwazi, na watu wenye vitanda vichwani walisimama kuwapisha. Alimfikisha pakavu, akamketisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akamrekebishia khanga. Mgambo akaja mbio nyuma yetu, amepata nguvu mpya.

"Kumbe mzee unaweza! Haya rudi, kuna magunia."

Mnyapara alinyoosha mkono, nikampa fimbo yake.

"Mimi sibebi," alisema, akatangulia kijijini.